Mashuka ya Jumamosi

Mume wangu amestaafu mara mbili. Mara ya kwanza alistaafishwa, na nchi nzima ilishuhudia. Mara ya pili alistaafu mwenyewe, kwa kinywa chake, na ndivyo anavyosimulia barazani kila baada ya alasiri. Mimi nikipita na sinia la kahawa huwa nakohoa kidogo tu.

Alikuwa kipa wa timu ya taifa, tena kipa hasa, watu wakimwita Mwewe kwa ajili ya macho yake. Kwenye penalti alikuwa hautazami mpira, anatazama kidole gumba cha mguu wa mpigaji, halafu anaruka kabla mpigaji hajaamua. Lakini umri hauna adabu. Katika mechi yake ya mwisho, mpira mlaini ambao hata mimi ningeudaka na mtoto mgongoni ulimpita tobo, katikati ya miguu. Kocha akamtoa kabla ya mapumziko, na jukwaa zima likacheka. Alirudi nyumbani Bagamoyo, akakaa kitandani na viatu vyake, akaniambia, "Mke wangu, hakuna mtu atakayenitoa mahali tena. Kwingine kote nitatoka mwenyewe." Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kumgombeza kwa ule udongo kwenye shuka.

Ikabaki ndege. Kurusha ndege alijifunza tangu kijana, wakati wenzake likizo za ligi wanalala, na hakuwahi kuacha. Yeye na marafiki zake wana ndege ndogo ya viti vinne, inalala kwenye kiwanja cha nyasi upande wa barabara ya Msata. Kila Jumamosi alikuwa akipaa, anafuata pwani hadi Mapinga, anageuza, na kabla ya kutua anapita juu ya nyumba yetu. Mimi sikuwahi kuipanda. Nilimwambia, Mungu angetaka nipae, asingenipa nyonga hizi.

Lakini mchezo wetu tulikuwa nao. Nilikuwa naanika shuka uani kumjulisha nilichopika. Shuka jekundu ni pilau. La kijani ni wali na samaki wa kupaka. Jeupe maana yake umeniudhi, kale huko huko. Kwa miaka mingi hakukosea hata mara moja. Siku za shuka jeupe alikuwa harudi mpaka magharibi, tena anaingia na haluwa mkononi.

Basi Jumamosi moja nilianika jeupe, na sababu alikuwa anaijua. Saa saba hivi nikasikia hodi. Ni yeye, na wageni wawili, na kreti la soda. "Karibuni, karibuni," anawaambia, "leo kuna pilau, nimeliona jekundu kutoka juu." Jikoni kulikuwa na kiporo cha maharage. Wageni wakala maharage kwa heshima zote, mmoja akaomba kuongezewa, nami nikasema moyoni, huyu bwana sasa ananifanyia jeuri.

Jumamosi zilizofuata akapatia tena, kila mara. Ningeridhika, kama nisingemkuta wifi yangu nyuma ya tangi la maji. Wifi ni mdogo wake wa kike, tunaishi naye tangu afiwe na mumewe, tunapendana kwa matusi. Alikuwa ameziba mdomo na simu kwa mtandio: "Kijani, kaka. Samaki. Haya, paa salama."

Siku za mwizi ni arobaini, nikasema, lakini wezi wawili hao wa nini? Mtu aone mwenyewe kwa macho yale, atafute mpelelezi wa nini? Ndipo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekipuuza. Kwa muda alikuwa akiingia bafuni anaimba herufi, zisizo na mpangilio, anarudia na kurudia kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nilidhani ni mambo ya marubani. Na kipimo chake cha macho, kile cha kusomeshwa herufi ukutani ili leseni ya urubani iendelee, kilikuwa kimekaribia.

Jumamosi iliyofuata nikaanika jekundu mapema. Nikamwona wifi anasogea kwenye tangi lake. Alipomaliza nikamtuma kwa jirani akaniazimie mbuzi ya nazi, nikijua jirani huyo mtu hatoki kwake bila habari za mtaa mzima. Nikalitoa shuka. Badala yake nikaanika magagulo ya wifi ya kuvaa ndani ya gauni, yote, yale mapana ya lesi aliyoolewa nayo, mstari mzima, yamejaa upepo. Ndege ikapita. Ikapunga bawa kama kawaida yake, kwa furaha kabisa.

Akaingia anasugua mikono. "Pilau hiyo! Nimeliona jekundu lako linawaka."

Nikamshika mkono, nikamtoa nje uani. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, na nilianza kucheka, na wifi aliyekuwa anaingia na mbuzi ya nazi akapiga ukelele, "Uwii! Magagulo yangu, mchana kweupe!" Lakini mume wangu alikuwa hacheki wala haoni haya. Alikuwa ameyasogelea yale magagulo mpaka pua inagusa lesi, anageuza kichwa huku na huku, anatafuta pa kuonea.

Kicheko kilinikauka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika ndoa ile. Kumbe mtu huyu alikuwa anatua kwa mazoea, kama unavyopapasa swichi gizani nyumbani kwako.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya mfungo."

"Na herufi za bafuni?"

"Nimeshazihifadhi zote. Daktari hatajua."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia. "Na wewe hutaumbuka peke yako, utaangukia paa la mtu anakula chakula chake."

"Akinipima atanitoa." Sauti ilikuwa ile ile ya kitandani na viatu. "Atanitoa kama yule kocha."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Nikakaa naye chini pale pale uani. "Kwani kipimo ni lini?" nikamuuliza. Akasema Jumatatu. "Na leo Jumamosi. Hujatolewa bado, bwana. Mpira uko mikononi mwako."

Alisubiri mpaka wifi akamaliza kuanua nguo zake kwa hasira. Kisha akachukua simu, akawapigia wenzake mmoja mmoja: amestaafu kurusha ndege, ameamua mwenyewe, ameshiba mawingu. Jumatatu akaenda kwa daktari na hakuimba herufi hata moja. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone.

Wenzake wakamwandalia safari ya kuaga. Rafiki yake angerusha, yeye angekaa kando yake. Akaniomba nipande, na safari hii sikuzitaja nyonga. Nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni, na tulipoacha ardhi nikazirudia. Kisha nikafungua macho, nikaona bahari na mikoko na mabati yetu yote, na nikaelewa kwa nini alidanganya. Roho iliniuma.

Tulipokaribia nyumbani ndege ikainama. Kazi ya kuanika siku hiyo nilikuwa nimemwachia wifi.

"Haya, mke wangu," akasema mume wangu bila kugeuka. "Ameanika nini?"

Nikachungulia. Kwenye kamba, kutoka mlango wa jiko mpaka tangi la maji, yalikuwa magagulo yangu. Yote, hata lile la kiraka. Na wifi mwenyewe amesimama pembeni, mikono kiunoni, anatazama juu.

Rafiki wa mume wangu alikuwa anatazama dirishani kwa adabu nyingi mno. "Shemeji," akaanza, na bega lake likawa linatikisika.

"Shuka jekundu," nikasema haraka.

Mume wangu akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akatazama chini upande ambao nyumba yetu haikuwepo. Akatazama kwa muda mrefu.

"Naliona," akasema. "Linawaka."

Nikamwekea mkono begani, nikasema, "Mwewe wewe."