Risasi Butu Zimenipeleka Porini

Wasee, nafasi kwa gari la mjomba ni yangu!

Mjomba anaenda kaskazini kuwinda dubu na atabeba mtu mmoja tu. Ni mimi au binamu yangu Kevo. Leo akatupeleka duka la bunduki huko Richmond Hill, nje ya mtaa wetu.

"Nichagulieni risasi za bunduki yangu. Atakayepatia, nitaenda naye."

Bunduki yenyewe ni ile nene ya kukoki kwa mkono, kama ya wale jamaa wa farasi kwenye sinema.

Nikachukua pakiti ya risasi zenye ncha kali. Aisee, zinatisha!

Kevo akaninyang'anya mkononi. "Pole sana, mwanangu."

Nikabaki na zile butu, zenye pua bapa kama yangu. Nikanuna.

Mjomba akamgeukia Kevo. "Kwa hii bunduki risasi hukaa ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Hiyo ncha kali itagusa kitako cha ya mbele, pale panapolipukia. Nikifyatua, bunduki iruke nyuma, ncha igonge hapo... Kevo, unataka kunizika?"

Kevo akazirudisha rafuni. (Heee!)

"Na wewe, mbona umechukua butu?"

Nikakohoa kidogo kama daktari. "Mjomba, usalama kwanza."

Akanipiga bega nusura nianguke. "Huyu sasa ndiye mwindaji!"

Kevo amenuna njia nzima hadi kwetu Flemingdon. Kaka, asante kwa kuninyang'anya!

Sasa niambieni: mjomba nimwambie ukweli leo, ama tukisharudi na dubu?