Swichi Niliyoiruka Kwenye Trekta la Arap Kirui

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Roret, mwanangu, nikiwa fundi kijana ninayejiona nimeshajua kila kitu. Mzee Arap Kirui alikuwa na trekta kuukuu la volti sita. Ukungu ukishuka, stata, ile mota ya kuwashia injini, ilizunguka kwa uchovu na injini ikakataa kuwaka. Akaniomba nilibadilishe litumie volti kumi na mbili.

Fundi Omweri wa Sotik, aliyenifundisha kazi, alikuwa ameniambia, "Ukiongeza nguvu ya umeme, kagua kila waya. Na swichi ya gia usiichezee." Swichi hiyo huzuia stata isizunguke trekta likiwa kwenye gia. Nilipoifikia nilikuta imekufa. Kupata nyingine kungechukua siku tatu, na mzee alitaka kupeleka majani ya chai kiwandani siku hiyo hiyo. Basi nikaunganisha waya moja kwa moja, swichi nikaiacha nje.

Nikapanda, nikabonyeza stata bila kuangalia gia. Kwa volti sita labda lingetikisika tu. Kwa kumi na mbili liliruka. Arap Kirui alikuwa mbele, anafunga boneti. Lilimbana kwenye ukuta wa zizi. Tulimkimbiza hospitali kwa pikapu ya jirani, kichwa chake mapajani pangu. Alikata roho kabla hatujafika kwenye lami.

Lakini kilichofuata ndicho kinachoniuma zaidi. Watu walipouliza, nilisema mzee aliliacha trekta kwenye gia. Ni kweli, aliliacha. Habari ya swichi sikuitaja.

Baada ya mazishi Fundi Omweri alienda kulitazama lile trekta. Akaja gereji, akasimama mlangoni.

"Uliiruka swichi."

"Sikutaka mzee achelewe," nikasema.

"Twende ukamwambie mama."

Tulimkuta Mama Chebet, mjane wa Arap Kirui, akikamua ng'ombe. Nilimweleza yote. Hakulia. Aliendelea kukamua, kisha akasema bila kunitazama, "Wiki mbili nimemlaumu mume wangu kwa uzembe. Nimemlaumu akiwa kaburini. Mbona uliniacha hivyo?"

Miaka mingi baadaye alinipa mkono kanisani. Nilishukuru kwa hilo.

Basi sikia, wewe unayeshika spana leo. Mwenye mashine akiwa na haraka, mwambie hapana, hata akikasirika akatafuta fundi mwingine. Kilichowekwa kumlinda mtu usikiruke. Kabla hujawasha, hakikisha gia iko huru na hakuna mtu mbele. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Usimbebeshe marehemu kosa lako.

Mungu aiongoze mikono yako, mwanangu. Akupe moyo wa kusema ukweli mapema kuliko mimi, na kila atakayekukabidhi mashine yake arudi kwa watu wake akiwa mzima.