Pengo Kwenye Mluzi

Marehemu mke wangu alikuwa anapiga mluzi, na kwetu mwanamke hapigi mluzi. Shangazi zake walimwambia tangu usichana kwamba mwanamke wa mluzi anaita nyoka nyumbani. Yeye akawajibu kwamba nyoka hana masikio, sasa ataitwaje? Huyo ndiye niliyemwoa. Sikuwahi kujuta, ila siku zile aliponishinda kwa maneno, yaani karibu kila siku.

Mluzi wake ulikuwa wa kazi. Tulilima mpunga bondeni, Katindiuka, na mpunga ukianza kutia punje, ndege hawakupi nafasi. Lazima uamie, yaani ushinde shambani tangu alfajiri mpaka jua lizame, unapiga makopo na kupayuka ili kwelea-kwelea wasitue. Wenzetu walipayuka mpaka koo zikakwaruza. Mke wangu sauti yake ilikuwa ndogo, ilikauka kabla ya saa nne, kwa hiyo akapiga mluzi. Alikaa kwenye dungu la upande wa mto, jukwaa la miti lenye kipaa cha nyasi, nami nilikaa kwenye dungu la upande wa njia. Katikati yetu ulikuwa mpunga tu. Kundi likimponyoka kuja kwangu, alinipigia miwili mifupi, halafu mmoja mrefu. Mimi niliitikia kwa mdomo, "Naam, naja!" maana mluzi wangu haukuwa mluzi. Meno yangu mawili ya mbele niliyaacha kwenye usukani wa baiskeli nikiwa kijana, na tangu hapo nikipuliza inatoka hewa.

Huko madunguni ndiko nilikowajua ndege. Watu hudhani anayejua ndege ni anayewapenda. Wapi! Mimi nilianza kwa kuwachukia. Unalala chali juani, macho umefumba, masikio yako kazini, na swali ni moja tu: huyu anayelia anakula mpunga wangu au anapita zake? Dudumizi anabubujika kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu. Huyo hali mpunga, anatangaza mvua tu, na mara nyingine anadanganya. Minana wanagombana kwenye matete kama wapiga debe wa stendi. Kwazi akilia juu ya mto, hata aliyelala anajua samaki kapatikana. Kuna na vindege vya kahawia vya kwenye majani, vinafanana mpaka nadhani vyenyewe huchanganyana. Ukivitazama hujui kipi ni kipi, lakini kimoja kinalia kama mkasi, kingine kama mtu anayesonya.

Miaka ya karibuni walipoanza kuja wageni wenye darubini kutafuta ndege wa bondeni, niliitwa kuwapeleka kwenye matete kule kwenye daraja la mto. Wao walitazama, mimi nilisikiliza. Nilinyoosha kidole nikasema, "Hapo," na kweli alikuwa hapo. Nilijivuna, bwana. Niliwaambia watu kwamba mimi sijawahi kumkosea ndege kwa sauti yake.

Mke wangu akafariki masika moja, mpunga ukiwa bado mchanga. Aliugua kifua, haukuwa ugonjwa mrefu. Msiba ukaisha, mikeka ikarudishwa kwa wenyewe, binti yetu wa pekee akarudi kazini kwake Mngeta, kwenye ofisi ya shamba kubwa la mpunga. Nikabaki na nyumba. Nilikuwa nasonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, nusu wanakula kuku. Redio niliifungulia asubuhi na kuizima nikienda kulala, na ukiniuliza ilisema nini sijui. Nilikuwa mpweke, sina neno jingine la kuliremba. Asubuhi nikiwasha moto nilijaribujaribu ule mluzi wake, unatoka na hewa zake, basi tu nisikae kimya na nisije nikausahau.

Nyuma ya nyumba, mpakani na jirani, kuna kichaka kinene, na ndani yake anakaa kurumbiza. Ni ndege wa kifua cha rangi ya chungwa, mwenye aibu, humwoni ila anapochakura majani makavu asubuhi na jioni. Lakini kwa mdomo, loo! Anaiga kila kitu. Anamwiga shore, anamwiga tetere, anaiga kifaranga aliyepotezana na mama yake mpaka mama mwenyewe anakuja mbio.

Asubuhi moja nilikuwa namimina chai. Kichakani ukatoka mluzi, miwili mifupi, halafu mmoja mrefu.

Chai nikajimwagia mguuni. "Naam, naja!" nikasema, nikaenda pekupeku mpaka kwenye kichaka, nikasimama pale kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Hakukuwa na mtu. Alikuwa kurumbiza, kwenye kijiti, ananitazama kwa jicho moja.

Nikapiga hesabu yangu. Mke wangu alikuwa akioshea vyombo pale pale, na alipiga mluzi akiosha, kwa hiyo ndege alimsikia akamshika. Watu tumemzika, ndege kamweka. Nakwambia, tangu siku hiyo niliamka nikiwa na sababu ya kuamka. Nilijinyoa. Ugali nikasonga wa mtu mmoja, nikaula wote. Kila alfajiri nilikaa na kikombe changu nikingoja, akinipigia namwitikia, "Naam, naja," kwa sauti ya chini, maana majirani wakisikia watasema mzee kachanganyikiwa.

Na jirani alikuwa karibu sana. Ni kijana aliyehamia hapa kutoka kwenye mashamba ya miwa, mtu mwema, ana watoto wadogo. Nyoka aina ya swila aliingia kwenye banda lake, akaua kuku. Akaja kwangu kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, kile kichaka tukifyeke. Nyoka wanakaa mle."

"Hakifyekwi."

"Mzee, nina watoto."

"Watoto wafundishe kupita mbali. Siku utakayokigusa kile kichaka, anza kwanza na mguu wangu."

Akatikisa kichwa. Alikuwa na haki, na nusu ya kichaka iko upande wake. Akasema atakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikasema aende hata Dodoma. Tangu hapo shikamoo yake ikawa fupi, na mimi marahaba yangu nikaimeza nusu. Sikumweleza sababu. Ningemwambia nini? Kwamba mke wangu anakaa mle?

Binti yangu alikuja likizo baada ya mavuno. Siku ya pili nilimwamsha kabla hakujapambazuka vizuri. "Mama, amka. Nataka usikie kitu." Nikamweka kwenye kigoda changu, mimi nikakaa kwenye ndoo, nikampa chai. Kurumbiza akaanza na vya wenzake, akamwiga shore, akamwiga tetere. Mimi sikuwa namsikiliza ndege, nilikuwa namtazama mwanangu usoni, nangoja machozi.

Mluzi ukatoka. Mwanangu akacheka.

Alicheka kweli, mpaka chai ikampalia. Halafu akaniona nilivyokaa, akanyamaza.

"Baba, kwani vipi?"

"Mama yako huyo," nikasema. "Ndege alimshika mama yako."

Akaweka kikombe chini. "Baba. Huyu anakuiga wewe."

"Mimi sijui mluzi."

"Ndiyo maana nimecheka. Mama alikuwa anaishia juu, kama mtu anayeuliza. Huyu anashuka. Na sikiliza pale mwisho, inatoka hewa. Si pengo lako hilo?"

Na yule ndege asiyejua kustahi mtu akaurudia pale pale. Miwili mifupi, mmoja mrefu unaoporomoka, na mwishoni, *sss*, hewa ya kibogoyo. Nikausikia. Masikio haya haya yaliyotofautisha vindege vya kahawia mbele ya wageni, yalikuwa yamekaa na pengo langu mwenyewe kila alfajiri yasilijue. Nyani haoni kundule.

Nikakasirika. Kumkasirikia ndege haiwezekani, nikamkasirikia mwanangu. "Wewe ulikuwa shule ya bweni miaka yote hiyo, mluzi wa mama yako utaujulia wapi? Mimi ndiye niliyekuwa naitwa!"

Alilamba midomo yake, akapiga. Miwili mifupi, halafu mmoja mrefu, ukapanda, ukapanda, ukaachwa juu.

"Naam, naja!"

Nilikuwa nimeshasimama. Ndoo imepinduka, mguu mmoja uko mbele kuelekea shambani, mkono umeshika hewa mahali ambapo kopo la kupigia ndege lingekuwa. Mwili wangu ulimjua kabla yangu. Mwanangu akaanza kulia, na mimi nikalia mbele ya mwanangu, na sioni haya kulisema.

Alipoondoka nilimsindikiza mpaka stendi, nikarudi kwa miguu nikiuimba ule mluzi kichwani ili usidondoke njiani. Nilipofika mtaa wa Viwanja Sitini nilikuwa nao bado. Nilipofika nyumbani nikajaribu kuupuliza, pengo likaushusha. Nikajaribu tena, ukashuka tena, na kila nikiushusha nasikia ule wa kichwani nao unainama kuufuata. Ndivyo nilivyoupoteza mara ya kwanza, nikaelewa. Nilikuwa naufuta kwa kuukumbuka.

Na asubuhi kurumbiza akaendelea kama kawaida, hana habari. Sasa mluzi wake ulikuwa unaniudhi. Muda wote ule nilikuwa najiita mwenyewe, najiitikia mwenyewe, najinyolea ndevu mwenyewe. Ningeyasikia haya kwa mwingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Sikucheka. Nilikwenda kwa jirani.

"Jumamosi njoo na panga," nikamwambia. "Kifyeke chote."

"Mzee, unaumwa?"

"Njoo kabla sijabadili neno."

Jumamosi alfajiri simu ililia, binti yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka tu."

"Na ndege wako?"

"Leo tunafyeka."

Akasema, "Baba, weka sauti kubwa. Nenda nayo kichakani."

"Ya nini?"

"Nenda tu, baba yangu."

Nikaenda, nanung'unika njia nzima. Utanicheka, mzee mzima anakielekezea kichaka simu ya vitufe. Umande umenilowesha suruali mpaka magotini. "Haya, nimefika," nikasema.

Ukatoka mluzi wa mke wangu. Ulikuwa mwembamba, wa kwenye simu, lakini ni wenyewe, ukapanda ukaachwa juu. Nikafungua kinywa niitikie. Sikuwahi. Kutoka kichakani kurumbiza akaitikia kabla yangu, miwili mifupi, mmoja mrefu unaoshuka, na hewa mwishoni.

Mwanangu akapiga tena. Ndege akaitikia tena. Wa simu ukauliza, wa kichakani ukajibu. Miaka yote ile shambani nilimjibu mke wangu kwa kupayuka, na sasa kwa mara ya kwanza nilisikia jinsi ambavyo ningemjibu kama ningekuwa na meno. Ulipendeza. Mungu wangu, ulipendeza. Na mimi nimesimama katikati yao nimeshika simu, hakuna aliyekuwa na shida na mimi.

Sikumsikia jirani akija. Alikuwa amesimama nyuma yangu na panga begani, amefungua mdomo.

"Shikamoo, mzee," alisema polepole. "Nani hao?"

"Mimi na mke wangu."

Alishusha panga akaliegemeza mguuni. Akasema atafyeka upande wake tu, na atapalilia chini ili nyoka waonekane, huku kwangu pabaki. Nikamwitikia kwa kichwa, nikamwashiria anyamaze.

Mwanangu alipiga mpaka salio lake likaisha. Simu ikalia ile milio yake ya kukatika, kisha ikawa kimya mkononi mwangu. Tukangoja, mimi na jirani, bila kutazamana.

Kichakani ndege akaitikia mara moja zaidi. Hakuna aliyekuwa amemwita.