Nyota Nyekundu Juu ya Tanuru

Mnisamehe kwa mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, lakini haya nataka mwanangu ayakute yameandikwa, na vijana wengine wayasome.

Nakumbuka jioni moja ya kiangazi hapa Litapunga, mwanangu, kabla hujazaliwa. Nyumba ya bibi yako ilikuwa imebomolewa na mvua, akawa analala jikoni kwa jirani. Tulikuwa na tanuru moja tu la matofali ya kumjengea nyingine. Kama yangetoka mabichi, mvua zingine zingemkuta bado kwa watu.

Aliyejua kuchoma ni Mama Mkubwa, dada yake bibi yako. Tangu asubuhi tulisukuma magogo kwenye midomo ya tanuru. Jua lilipozama nikachungulia, nikaona ndani kote ni kwekundu. Kwangu wekundu ndio ulikuwa mwisho wa moto, kwa hiyo nikamwita rafiki yangu Masanja tuzibe midomo kwa udongo. Alikuwa ameshakanyaga tope, anaimba.

“Nyie, mnaziba nini?” Mama Mkubwa akauliza. “Mnataka mdogo wangu ajengewe nyumba ya uji?”

Hakufoka. Alituketisha, akatuonyesha nyota mbili, moja nyekundu juu yetu na nyingine nyeupe ya kibluu upande wa magharibi. Akatuuliza ipi ina moto zaidi. Masanja akawahi kusema nyekundu. Mama Mkubwa akacheka mpaka kitenge kikalegea.

“Hiyo nyekundu joto lake ni dogo kuliko la nyeupe,” akasema. “Moto ukipanda unaacha wekundu, unakuwa wa njano, unaelekea weupe. Ongezeni kuni.”

Alikuwa ameyasikia redioni, maana redio yake haizimwi akilinda tanuru. Akatueleza kwamba mwanga tunaouona unadanganya kwa sababu ya umbali. Tochi ya karibu huonekana kung'aa kuliko tanuru linalowaka kwenye mlima wa mbali. Wataalamu hutafuta kwanza umbali, ndipo wajue nyota inatoa mwanga kiasi gani kweli. Na nyota yenye joto dogo ikitoa mwanga mwingi, basi lazima iwe na mwili mkubwa, kama tanuru kubwa linavyoangaza kuliko dogo lenye moto uleule. Ile nyekundu, akasema, inalipita jua letu kwa ukubwa mara nyingi sana.

“Basi niombeeni radhi kwake,” Masanja akasema.

Tulichochea mpaka ndani kukawa njano, ndipo tukaziba. Tanuru lilipopoa nikagonganisha matofali mawili, yakalia kama chuma. Bibi yako alichukua moja, akaliweka kichwani, akaanza kutembea nalo kwenda kiwanjani.

Mwanangu, usihukumu kwa rangi inayokuvutia upesi. Mtu akionekana hafifu, jiulize kwanza yuko mbali nawe kiasi gani, pengine ni mkubwa kuliko unavyodhani. Na kazi ikianza kung'aa, ongeza kuni kabla hujaziba. Mungu akulinde ndani ya kuta za matofali hayo, unamolala na bibi yako, akupe macho yasiyo na haraka.

Nanyi mnaosoma, niandikieni. Mwenye kujua nyota nyingine ya kumwonyesha mtoto, anieleze, hata kwa mistari miwili.