Mwalimu alinionyesha jibu kwa kidole, halafu akaleta sale nyumbani

Wakuu salaam, na wakubwa zangu wote humu shikamooni.

Mimi ni msomaji wa kimya. Hata darasani nikiitwa jina naitika kwa sauti ninayoisikia peke yangu. Leo nipo café hapa Moshi mjini, nimekuja na diary yangu ili nisiongeze chumvi.

Nasoma shule moja huko juu mlimani. Mwisho wa form two tulifanya mtihani wa shule wa kuchuja watakaoingia Science. Viti vichache, watu wengi.

Msimamizi alikuwa mwalimu wetu wa Biology. Anaimba kwaya moja na baba.

Mvua ikapiga bati mpaka hatusikilizani, akatuongezea muda. Sikuona shida. Swali moja lilichapwa vibaya, akalisoma kwa sauti. Sawa pia.

Halafu akaanza kuzunguka. Akifika kwa mtu wa tuition yake anainama kama anaokota kitu, anaweka kidole kwenye jibu, anapita.

Akafika kwangu, ingawa tuition yake siendi. Kidole kwenye C. Mimi nilikuwa na A.

Jirani yangu Eliaichi, anayekata majani ya ng'ombe kila asubuhi kabla ya kuja shule, akapitwa kama nguzo.

Hapo ndipo nilipouona mpaka, wakuu. Msaada wa wote ni msaada. Ukianza kuchagua watu, unagawa kiti cha mwenzao.

Nikaiacha A yangu. (Jibu lilikuwa C kweli. Nilikosa, fine.)

Kesho yake nikaenda kwa headmistress. Nikasema yote, hadi kidole nilichowekewa mimi.

Mtihani ukafutwa, tukaambiwa tutarudia. Darasa likaanza kuniita Mkaguzi. Nikiingia tu, mtu anatangaza, "Kalamu chini."

Jumapili mwalimu akaja nyumbani ameshika jani la sale. Kwa wasio wa huku: ni ule mmea tunaopanda mipakani. Mchagga akikuletea jani lake kuomba radhi, hukatai.

Baba akalipokea. Ndipo mwalimu akasema ombi lake: nirudi kwa headmistress niseme sikuona vizuri, mambo yaishe kindugu.

Baba akanigeukia. "Mwanangu, sale limeshaingia ndani."

Nikajibu nikiangalia sakafu. "Baba, sale ni la mtu aliyekosa. Mwalimu hajasema amekosa nini. Anataka mimi ndiye nikose."

Jikoni mama akaacha kumenya ndizi.

Nilijua nachapwa. Baba akaliweka lile jani mezani, katikati yao.

"Mwalimu, hebu anza upya. Umekosa nini?"

Akasema, kwa mdomo wake, kwamba alionyesha majibu kwa kuchagua watu, mbele yangu mimi mtoto wa form two.

Nikamsamehe. Taarifa sikuifuta.

Tulirudia na msimamizi mwingine. Eliaichi yuko Science. Mimi niko Arts, na sijutii hata kidogo.

Nilichojifunza: ukiombwa usamehe, samehe. Ukiombwa useme hukuona, hilo ni ombi lingine kabisa, hata likija na sale.

Mnaoona nimemdhalilisha mkubwa, mwageni hapo chini, nasoma zote. Mkitaka niiteni Mkaguzi. Siku hizi naitika kwa sauti.