Mzee Aliyeshika Breki Yangu

Nianze na wale watakaosema nilikuwa nimelewa. Sinywi. Nimezaliwa Kasongo katika nyumba ambayo pombe haijawahi kuvuka kizingiti, na siku ile nilikuwa nimekula mihogo na karanga nikashushia maji. Na wale watakaosema usiku una mambo yake, nao watulie: ilikuwa alasiri, mtu unamtambua kutoka mbali, ila mawingu ya mvua yalikuwa yanakuja. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe. Shahidi wangu ni mkono wa kulia, ndiyo maana haya naandika kwa wa kushoto.

Kazi yangu ni kuchomelea vyuma: milango, vitanda, fremu za baiskeli zilizokatika. Lakini ng'ambo ya Lualaba kuna reli, na treni huja inapotaka. Mwezi huu ndiyo, miezi miwili hapana. Watu wana mafuta ya mawese ya kuuza, watangoja mpaka lini? Kwa hiyo wanatengeneza vigari vyao: mbao juu, magurudumu manne ya chuma chini. Tambarare unasukuma, mteremkoni unapanda na kigari kinakwenda chenyewe. Raha tupu, mpaka utake kusimama.

Breki ya wenzangu ilikuwa gogo. Unalikandamiza juu ya gurudumu kwa nguvu zako zote, linatoa moshi, unamwomba Mungu. Jirani yangu mmoja aliteleza akaanguka mteremkoni, kigari chake kikaendelea peke yake mpaka kituoni, kikamvunja mguu mama aliyekuwa anauza ndizi. Jambo lile lilinikera. Breki gani hii inayomtegemea mtu ambaye ameshaanguka?

Nikatengeneza yangu. Nilitoa springi mbili kwenye lori bovu nikazifunga chini ya mbao, zikandamize kipande cha chuma juu ya gurudumu saa zote. Yaani breki yangu imefungwa tangu mwanzo. Ukitaka kwenda, unavuta mpini na kuushikilia; chuma kinainuka, kigari kinatembea. Ukiachia mpini, kwa sababu umeanguka au umesinzia au umekufa, springi zinafanya kazi yake na kigari kinasimama. Wenzangu walicheka wakaiita freni ya muoga. Freni ndiyo breki kwetu. Niliwaacha wacheke. Nilijua nimefanya kitu cha maana, na sioni haya kusema nilijivuna.

Siku ile nilikuwa peke yangu na bidoni, yaani madumu, kumi na mbili za mawese, mwenzangu yuko nyumbani na homa. Nilikuwa nimesukuma tangu asubuhi na kiganja changu kilikuwa malengelenge matupu. Kuna mahali reli inakatiza kilima, kuta za udongo mwekundu zimesimama huku na huku, na hapo ndipo mteremko unaanza. Chini kabisa, baada ya kona, karibu na kituo, palikuwa na behewa lililoharibika ambalo treni ya mwisho ililiacha juu ya reli, na hakuna aliyejua watalifuata lini. Sisi wa vigari tulikuwa tunasimama kabla yake na kupakua.

Pale kuta zinapoanza alisimama mzee mmoja. Koti la kaki lisilo na vifungo, miguu mitupu, mgongo umenyooka kama wa mtu anayengoja kuitwa jina kazini. Akainua mkono. Kwetu mzee akikusimamisha humpiti.

"Jambo, papa. Unaenda wapi?"

"Jambo, mutoto yangu. Naenda kazi. Miye niko mutu wa freni."

"Freni ya nini, papa?"

"Ya treni. Kwetu ni Kabambare, lakini kazi yangu iko hapa."

Nikadhani ni mmoja wa wale wazee walioacha kazi miaka mingi iliyopita ambao kichwa bado kiko kazini. Nikampisha mbele, kwenye kiti karibu na mpini, maana mkubwa hakai nyuma na bidoni. Alipokaa, ubao haukulia. Ubao ule hulia hata kuku akitua juu yake. Niliona hilo, nikalipuuza. Si ndivyo tulivyo? Jambo tunaliona kwa macho mawili, tunasema ah, uchovu.

Nikavuta mpini, kigari kikaanza kuteremka. Mzee akatazama kiganja changu.

"Leta, nikusaidie kushika. Wee pumuzika."

Sasa sikiliza kosa langu. Mkubwa akikunyooshea mkono wa msaada, kwetu hatuurudishi. Tena mzee ameshasema kazi yake ni freni. Mimi nani nimwambie ngoja nikufundishe? Niliona haya. Nikampa mpini bila kumweleza neno lolote.

Kigari kikashika kasi. Nikasema, "Papa, polepole." Akaushika zaidi, mishipa ikamsimama shingoni, na kigari kikazidi. Nikasema tena. Akauvuta mpini kwa mikono miwili mpaka mwisho. Nikadhani ananifanyia mchezo, na nakubali nilikasirika. Nikaweka mkono wangu juu ya mpini nimnyang'anye. Mkono wake mmoja ukatoka, ukaja juu ya wangu, ukafunga.

Niamini, mikono ya watu naijua. Nimewashika wagonjwa, nimewaosha marehemu. Ule ulikuwa na baridi ya chuma kilicholala nje na mvua. Haukuniumiza, ila haukusogea. Nilivuta, nikapiga teke, nikauma. Ndiyo, nilimuuma mzee, Mungu anisamehe, na sikuonja kitu mdomoni.

Nirukie wapi? Kushoto ukuta, kulia ukuta, nyuma bidoni zimepangwa mpaka kifuani, na mkono wangu umefungiwa kwenye mpini. Kupita zile kuta ni muda wa kusoma Fatiha mara mbili au tatu. Siku ile niliisoma mpaka nikapoteza hesabu na kuta bado zipo, udongo mwekundu unapita, unapita, na juu kipande cha mawingu tu. Niliogopa vile sijawahi kuogopa. Niliwaza behewa lile kule chini, na bidoni zile mgongoni mwangu zitakaponifuata.

Nikamtazama usoni. Macho yake yalikuwa mbele na machozi yanashuka. Hapo nikajua kwamba hanichezei.

"Papa, achilia," nikamwambia.

"Sitaachilia. Nikiachilia watu watakufa."

"Watu gani? Tuko wawili tu."

"Nyuma iko wagoni sita. Iko wamama, iko watoto. Mashinisti amepiga firimbi tufunge. Kijino cha usukani kimevunjika, imebaki mikono yangu."

Kwa asiyejua: zamani kwenye mabehewa kulikuwa na usukani wa chuma. Dereva akipiga firimbi, mtu wa breki anauzungusha mpaka breki inafunga, na kijino cha chuma kinauzuia usirudi. Kijino kikivunjika, ni mikono ya mtu tu. Akilegeza, breki inafunguka na behewa linakimbia. Nikaelewa. Mwili ukanisisimka, si kwa hofu, kwa huruma. Mzee huyu alikuwa amekufa ameshika. Na sasa, kadiri alivyoshika ili atuokoe, ndivyo alivyoifungua breki yangu.

Wewe ungefanya nini? Mimi ni fundi. Niliacha kupiga kelele nikaongea naye kama unavyoongea na fundi mwenzio.

"Papa, hii freni ni ya kinyume. Ukishika, inafunguka. Ukiachilia, inafunga."

"Freni ya vile haiko."

"Iko. Niliitengeneza miye. Siku zote imefunga. Mutu akianguka, inasimamisha yenyewe."

Kwa mara ya kwanza akageuza kichwa kidogo. "Nani anashika wakati mutu ameanguka?"

"Springi."

"Na ikivunjika?"

Swali la mtu anayejua kazi. Wale walionicheka, hakuna hata mmoja aliyewahi kuliuliza.

"Nimeweka mbili, papa. Moja ikivunjika, ingine inabaki."

Akatazama chini, kwenye chuma. Mwisho wa kuta ulianza kuonekana, na kona, na nyuma ya kona nilijua kuna nini.

"Watasema nimeachilia," akasema. "Kabambare walishaambiwa vile. Walimwambia na Feza, mutoto yangu: baba yako aliachilia. Miye sikuachilia."

"Nitaenda kuwaambia. Nitaenda miye mwenyewe, kwa Feza."

"Utaenda?"

"Wallahi nitaenda."

Akafungua kidole cha kwanza. Alikuwa anafanya kama mtu anayeweka mtoto aliyelala chini, anaogopa atamwamsha. Cha pili. Cha tatu. Mkono wangu ukachomoka kwenye mpini, vidole bado vimejikunja. Chuma kikagusa gurudumu, kikapiga kelele, cheche zikaruka mpaka kwenye bidoni, harufu ya moto ikanijaa puani. Tulipita kona tunatetemeka. Kigari kikasimama. Kati yangu na behewa palibaki hatua nne. Nilizipima baadaye kwa miguu yangu.

Kiti kilikuwa kitupu na mvua ikaanza. Mimi nilibaki nimeshika hewa. Wamama wa pale kituoni walinipaka mawese vidoleni wakavifungua kimoja kimoja, wakidhani ni baridi. Tangu siku ile mkono huu hujifunga wenyewe nikilala, na kila asubuhi mke wangu anaufungua, lakini kalamu hauishiki tena. Hospitali walipiga picha, wakasema mifupa ni mizima.

Kiapo ni kiapo. Barabara ilipokauka nilipanda pikipiki kwenda Kabambare kupitia Wamaza, nikaanguka mara mbili kwenye matope ya zamani. Feza nilimpata upesi, kila mtu anamjua: mama mtu mzima, mvi kichwa kizima, anauza chumvi na sabuni mlangoni kwake. Nilimwamkia nikamweleza yote kama nilivyokueleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliwaita majirani, wakaja watu kama kumi, akaniambia, "Sema tena, baba. Sema kwa nguvu." Nikasema tena. Wazee wawili waliinamisha vichwa. Baadaye niliambiwa kwamba utotoni, kisimani, wenzake walikuwa wanamwita mtoto wa aliyeachilia, na kwamba kwa sababu ya jina hilo posa mbili zilirudishwa.

Nilidhani nimemletea furaha. Watu walipoondoka aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Kumbe siku zote hizi alikuwa pale?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa iko wapi?"

"Sijui, mama. Aliachilia, akaenda."

Akapanga upya sabuni zake ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Umemutosha kazini," akasema, "na haukumuonyesha njia ya kurudia kwetu."

Nilirudi Kasongo na neno hilo, kwamba nilimtoa mzee kazini nikamwacha bila njia. Nilijaribu kujitetea njiani, kwamba nilikuwa nakufa, kwamba hapakuwa na nafasi ya kuelekeza njia. Halikutoka, na mpaka leo halijatoka.

Haikupita miezi mingi, nilikuta Feza amekaa pale kuta zinapoanza, na kibunda chake na sufuria moja. Alikuwa amekabidhi biashara kwa binti yake, akaja mpaka Kasongo, akavuka mto, akatembea. Aliniambia atakaa siku tatu, akiona hakuna kitu atarudi. Nilimletea unga na maji. Siku ya tatu nilipopita aliniuliza, "Haukumuona tena?" Uso wake ulikuwa umechoka kiasi kwamba sikuweza kuutazama. Nikasema, "Nilimuona kidogo, mama. Jana. Alikuwa anatembea huku."

Uongo wa huruma, utasema. Hata mimi nilisema hivyo.

Feza hajarudi Kabambare. Binti yake alikuja kumchukua mara mbili na mara mbili alirudi peke yake, na mara ya pili alipita mbele yangu bila kunisalimu. Tumemjengea Feza kibanda cha majani kando ya reli. Nimetaka kuiacha kazi ya kigari niendelee na milango na vitanda vyangu, lakini nani atampelekea unga?

Kwa hiyo wewe utakayepita pale, nakuonya. Breki za namna yangu siku hizi ziko kwenye vigari vingi, hizo zishike bila wasiwasi. Ila ukimwona mama mzee mwenye mvi anatoka kwenye kibanda na kukuinulia mkono, usikimbie, si mzimu. Simama. Atakuuliza kama umemwona mzee mmoja mwenye koti la kaki. Mwambie hapana. Hata akilia, mwambie hapana.

Mimi nikimwambia hapana, anacheka, ananiambia nisimfiche.