Tawi la Ndoo ya Sita

Melvin Shimabuku aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, kutoka mji wa Kula hadi Pukalani na kurudi, kisiwani Maui, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumficha mkewe kitu kikubwa kuliko pakiti ya sigara. Alipostaafu, akiwa na miaka sitini na mitatu, akamficha kinyonga.

Si kwamba alimtafuta. Asubuhi moja ya manyunyu alikuwa anatoa gari, akamkuta amekishika kioo cha pembeni, mdogo hata kidole gumba hafikii, rangi ya udongo mkavu, na puani ana vijipele vitatu ambavyo siku moja vingekuwa pembe. Kwingine mtu angekimbia au angetafuta fimbo. Pale mjini Kula hakuna anayemwogopa kinyonga. Watoto huwaokota kwenye ua, huwatia ndani ya kasha la viatu, na wiki ikiisha wamekufa. Mel akanyoosha kidole. Kile kiumbe kikapanda taratibu, kikamtazama kwa jicho moja, la pili likitazama barabara. Hapo Mel akawa amekwisha.

Tatizo lilikuwa Ululani, mkewe. Kwao walikuwa wa visiwa hivi tangu kabla ya meli ya kwanza ya wageni, na kazi yake ilikuwa kule juu msituni, kwenye mradi wa kutunza kahuli, wale konokono wadogo wa mitini wenye magamba kama shanga. Bibi yake aliwaimbia. Ululani aliwahesabu, na hesabu ilikuwa inapungua kila mwaka. Panya waliwala, na vinyonga waliwala. Aliwahi kumpasua kinyonga mmoja aliyekufa, akatoa tumboni mwake magamba saba. Siku hiyo alirudi nyumbani akasema, "Nikimwona kinyonga hapa kwangu, mmoja wetu atahama. Na hati ya nyumba ina jina langu."

Kwa hiyo Mel alimweka kwenye banda lake la vifaa, nyuma ya nyumba, ambako Ululani hakuwa na shughuli. Akamsukia tundu la wavu wa dirisha. Akamwekea bakuli la maji, jani la plastiki, na balbu kali kana kwamba anaangua vifaranga. Siku ya tatu kinyonga alikuwa amefumba macho mchana kweupe, ngozi imemlegea.

Akamwendea jirani yake, Darrell Souza, mkulima wa vitunguu ambaye utotoni aliwafuga vinyonga wengi na kuwazika karibu wote.

"Umempa bakuli la maji?" Darrell akauliza.

"Ndiyo. Kubwa tu. Na balbu, na jani la plastiki."

"Basi atakufa kwa kiu huku analitazama. Kinyonga hajui bakuli, Mel. Anakunywa matone kwenye majani. Mpulizie asubuhi na jioni, mpaka majani yadondoshe. Na hiyo balbu itoe, yeye ni mtu wa baridi kama wewe. Unamshikashika?"

"Kidogo."

"Kidogo mara ngapi?"

Mel akaificha mikono mfukoni.

"Acha kumshika. Akiwa mweusi ujue amekuchoka. Na mtafutie majani ya kweli, la plastiki kalale nalo wewe."

Mel akafuata maagizo kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaozesha ndizi kwenye chupa ili zizae vijinzi, akavinyunyizia unga wa chokaa ya mifupa kabla ya kuvifungulia tundu. Asubuhi na jioni alipuliza maji, akangoja, akaona ule mdomo mdogo ukifunguka na kufumbika kwenye tone. Aliposikia gari la mkewe alitoka bandani na koleo mkononi, uso wa mtu mwenye kazi. Alimzoea mno yule mdogo. Babu yake mzaa babu aliletwa Maui kutoka Okinawa kukata miwa, na vinyonga hawa waliletwa na muuza wanyama kutoka milima ya Kenya, kwa hiyo Mel alipenda kumwambia, "Mimi na wewe, bwana mdogo, hakuna aliyetuuliza kama tunataka kuja." Ilimstarehesha kusema hivyo. Pia ilimsaidia asifikirie yale magamba saba.

Kila Jumatano Ululani alishuka na ndoo za matawi ya ohia, mti wa msitu wa juu, chakula cha kahuli waliotunzwa mradini. Ndoo zilikuwa na namba, kila namba na bonde lake, na usiku ule zililala kivulini karibu na tangi la maji. Alhamisi zilipelekwa mradini zikakaguliwa jani kwa jani, juu na chini, kabla ya kutumika. Hata kuyavunja matawi, Ululani hakuyavunja hivihivi. Alisimama mbele ya mti, akauomba, akasema anachukua nini na kwa ajili ya nani. Mel aliwahi kumtania kwamba mti haukuwahi kumjibu hapana. "Uliwahi," Ululani akasema, "nikarudi mikono mitupu."

Jumatano hiyo Mel alihitaji majani ya kweli. Mkewe alikuwa anaoga. Akapita karibu na tangi, akakata kitawi kimoja kutoka ndoo ya sita, wala hakumwomba mtu wala mti, akakipachika tunduni na kukipulizia maji.

Bwana mdogo akapanda tawi jipya hatua moja, akasita, hatua nyingine. Macho yote mawili yakageukia mahali pamoja, chini ya jani. Ulimi ukatoka. Mel alifurahi, kweli alifurahi, maana hakuwa amemwona akilenga kwa mbali kiasi kile. Kisha akasikia mlio mdogo, kama punje ya mchele inayovunjwa kwa jino.

Vijinzi havina mlio. Mel akaligeuza lile jani. Chini yake palikuwa na mstari mwembamba wa ute, unang'aa, na mwisho wa mstari hapakuwa na kitu.

Alijua. Aliishi na mwanamke yule miaka thelathini na minne, na picha za kahuli zilijaa mlango wa friji yake. Akajiambia ni konokono wa bustani tu, wamejaa kila mahali. Lakini konokono wa bustani alifikaje kwenye ohia ya bonde la juu? Akachukua chupa ya maji, akaliosha lile jani mpaka ute ukaisha. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko mengine. La kwanza lilikuwa ajali. Kuosha kulikuwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa, wakila samaki na wali, Ululani akasema, "Bonde la sita tumelifunga."

"Mmelifunga vipi?"

"Tumelitoa kwenye orodha. Miaka tisa hatujaona hata mmoja. Mimi ndiye nilikuwa nang'ang'ania, nikasema mniachie majani ya wiki hii niyakague ya mwisho. Jana nimeyakagua mwenyewe. Hakuna kitu." Akachambua mwiba. "Jumatatu watu wanaojenga uzio wa kuzuia nguruwe pori wanapitisha njia yao. Ohia tano zinaanguka."

"Tano?"

"Mel, lini uliwahi kuniuliza habari za miti?"

Ule ndio ulikuwa wakati wa kusema. Mel akaomba aongezewe wali.

Jumamosi alikuwa na siku nzima na hakusema. Alimpulizia kinyonga maji mara nne, kana kwamba kumtunza zaidi kungefuta kitu. Jumapili Ululani alimfungia wali na nyama ya kopo kwa mwani, vile anavyopenda, ngozi ya mwani ikiwa bado kavu, akamletea hadi barazani. Mel akauweka kando. Alijipa sababu: mkewe angemnyang'anya kinyonga, angenuna mwezi mzima. Uongo mtupu. Alichoogopa ni uso wake pale angeelewa kwamba majani aliyoyakagua kwa macho yake mwenyewe, kwa tumaini lake la mwisho, yalikuwa yamekwisha kuibiwa na mumewe. Mwanamume mzima, amebeba watoto wa watu kwenye kona za mlima miaka thelathini na mmoja, anamwogopa mke wake kwa sababu anajua mke wake ana haki.

Jumatatu Ululani aliondoka mapema. Mel akaingia bandani na chupa yake. Sakafuni mwa tundu palikuwa na kinyesi kipya, cheusi, chenye ncha nyeupe, na ndani yake kitu kinang'aa. Akakitenganisha kwa kijiti. Kipande cha gamba, rangi ya asali, na mstari mmoja wa kahawia.

Alikitia kwenye kikopo cha dawa zake za presha, akaendesha gari hadi mlimani akiwa na kandambili.

Alimkuta kwenye kibanda cha mradi, anavaa viatu vya msitu. Bondeni misumeno ya mashine ilikuwa imeanza kunguruma. Hakumsalimia. Alifungua kikopo akamwonyesha.

Ululani akatoa lenzi yake, akainama juu ya meza muda mrefu.

"Umekipata wapi?"

"Kwenye mavi ya kinyonga. Kinyonga wangu. Yuko bandani, tangu mwezi uliopita. Nilimkatia tawi kwenye ndoo yako. Ndoo ya sita."

"Lini?"

"Jumatano."

Ululani akahesabu kwa vidole, polepole: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akautazama mkono. Kisha akachukua redio. "Simamisheni bonde la sita. Simamisheni sasa hivi, ni Ululani." Misumeno ikaendelea kidogo, mmoja ukanyamaza, halafu mwingine.

Ohia tatu zilikuwa zimeshalala chini.

Walitafuta siku mbili, yeye na wenzake wanne, na Mel. Hakuna aliyemkaribisha Mel wala aliyemfukuza. Alipiga magoti kwenye tope, akageuza majani ya miti iliyoanguka, moja moja, mpaka ncha za vidole zikapasuka. Msichana mmoja wa mradi alimpa glavu akasema, "Chukua, Anko," na ule upole ukamuumiza kuliko tusi.

Jumanne mchana Ululani alikaa chini ghafla kando ya mti wa tatu. Mel akamsogelea. Katika kiganja chake palikuwa na jani, na juu ya jani kahuli mmoja, rangi ya asali, mstari wa kahawia, anatoa pembe zake taratibu.

"Wangapi?" Mel akauliza.

"Mmoja." Machozi yalimtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. "Walikuwa wawili, Mel. Miaka tisa walikuwa humo, wawili."

Yule mmoja wakampeleka mradini kutunzwa. Hawakupata mwingine. Wala wiki iliyofuata, wala mwezi uliofuata.

Jioni ile Mel alisimama mlangoni mwa jikoni. "Nimpeleke kwa Darrell?"

"Ili atoroke?"

"Basi nim..." Hakumaliza.

"Wewe? Wewe uliyelia sungura wa Darrell alipokufa?" Alikuwa anaosha kikombe kilichokwisha kutakata. "Msituni hatarudi, na kuuawa hatauawa ili wewe ulale vizuri. Nimesoma. Akitunzwa anaishi miaka minane. Mtunze vizuri."

Na amemtunza. Pembe zimeota sasa, tatu, nyeusi. Mel hajalala nje ya nyumba ile tangu wakati huo, hata harusi ya mpwa wake Honolulu hakwenda, maana nani angepuliza maji? Anaamka, anapuliza, anangoja mdomo ufunguke. Alimpenda na bado anampenda, na hakuna asubuhi ambayo mapenzi hayo hayamchomi.

Jumatano ndoo zikifika, Ululani huchagua kitawi kimoja, hukaa nacho kwenye ngazi na kukikagua jani kwa jani, juu na chini. Kisha hukileta mpaka mlango wa banda. Haingii.

"Amekunywa?" huuliza.

"Amekunywa. Na wako?"

"Amekula."

Mel hupokea tawi kwa mikono miwili. Kila Jumatano hujizuia, na kila Jumatano swali humtoka.

"Bado yuko peke yake?"

"Peke yake," Ululani husema, kisha huenda kuzitia ndoo kivulini.